Yule Mwanamke wa Kwenye Jalada la Taata

Bradford, Uingereza
Jumapili, baada ya misa

Mawe, mama yangu waitu, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kitandani, maana meza nimeijaza nguo. Kwanza habari za afya yako. Presha imeshuka? Kaka Deo ananiambia dawa unazimeza siku ukiumwa kichwa tu, siku nyingine unaziweka kabatini. Dawa si mbegu za maharage, Mama, hazitunzwi mpaka msimu ujao. Miguu bado inavimba jioni? Na ule mgomba uliolalia jiko, mliukata au mnasubiri umwangukie mtu? Mvua imenyesha ya kutosha? Nauliza yote kwa pamoja kwa sababu kwenye simu hunijibu. Unasema "tuko salama" halafu unampa Deo simu.

Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini, narudi. Kazi ni ile ile ya kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Shuka linatoka kwenye mashine likiwa la moto, mimi nashika ncha mbili, mwenzangu anashika mbili, tunanyoosha, tunakunja, linakuja jingine. Ukiulizwa jioni umekunja mangapi hujui. Baridi imeanza. Nikisema ni mzima nasema kweli, hakuna kinachoniuma, na hilo ndilo linalonisumbua. Tangu Taata, baba yetu, afariki mwaka jana, na mimi nikashindwa kuja kumzika kwa sababu pasipoti yangu ilikuwa imekaa kwa watu wa vibali, sijalia. Wenzangu kazini waliniletea kadi na maua, nikawashukuru, nikaendelea kukunja. Nilifikiri kilio kitakuja chenyewe kikiwa tayari. Hakijaja. Nimekuwa kama mguu ulioukalia ukafa ganzi: unauona ni wako, unaubonyeza, husikii kitu.

Nimeandika barua badala ya kupiga simu kwa sababu wewe simu unaiweka sauti kubwa, na ukiiweka sauti kubwa Buganguzi nzima inasikiliza. Barua hii anakuletea Sista Redempta, yule wa Muleba anayesoma uuguzi huku, anakuja likizo. Isome mwenyewe, kwa miwani, mlango umefungwa. Asikusomee mjukuu.

Mama, nimemwona yule mwanamke.

Unamjua ninayemsema. Lakini acha niyapange yote tangu mwanzo, hata yale unayoyajua kuliko mimi, kwa sababu nikiruka jambo moja nitaogopa na kuichana karatasi.

Taata alikuwa mwonja kahawa. Miaka ile ya sabini, mkiwa mmeoana juzi tu na Deo bado yuko mgongoni, walimpeleka huku Uingereza miezi minane akajifunze kuonja kahawa kitaalamu, kuivuta kwa kijiko na kuitema. Alirudi na koti la mvua, suruali moja ya bugaluu, viatu vya raizoni vya soli nene ambavyo matope ya Buganguzi yalivimaliza kwa wiki mbili, na santuri moja. Nyumba yetu haikuwa na gramafoni. Kwenye jalada la santuri ile kulikuwa na picha ya mtu amesimama mkono kiunoni: kope za kijani, midomo myekundu, manyoya meupe shingoni, viatu virefu vinavyong'aa kama bati jipya. Taata aliifunga kwenye gazeti akaiweka juu ya kabati. Sisi watoto tulikatazwa kuigusa, na wewe ndiwe uliyetuambia kwa nini. Ulisema, "Huyo ni mwanamke wa baba yenu wa Ulaya."

Kila Jumapili baada ya misa Taata aliifunga santuri nyuma ya baiskeli akaenda Muleba kwa Ta Sospeter, fundi cherehani, aliyekuwa na gramafoni ya betri. Alirudi jioni ametulia, amefurahi kidogo. Mke gani asingewaza? Deo anakumbuka ule ugomvi wenu, mimi nilikuwa sijazaliwa. Anasema Taata alilitoa jalada akaliweka mbele yako mezani, akasema kwa sauti ambayo hakuwa nayo kawaida, "Ogu n'omushaija, waitu! Huyu ni mwanamume! Mwimbaji tu. Njoo siku moja usikilize." Nawe ukacheka, kile kicheko chako kibaya, ukasema, "Mwanamume apake wanja, avae manyoya kama kuku, na wewe umfunge kwenye gazeti asipate vumbi? Nitafutie uongo mwingine." Taata hakutafuta mwingine. Alilirudisha juu ya kabati, na jambo hilo hakulisema tena.

Na lile jingine uliniambia mwenyewe, siku tunachambua maharage, kabla sijasafiri. Kwamba siku moja ulipita kwa Ta Sospeter kuchukua sare ya shule ya Deo, ukasimama nje ya mlango, ukasikia ndani sauti ya mwanamke ikiimba juu kabisa, nyembamba, na Taata amefumba macho. Hukuingia. Ulirudi nyumbani bila sare. Uliponiambia hayo nilichukua upande wako, na sikuutoka tena.

Ndiyo maana sikushangaa Deo aliponipigia baada ya matanga. Aliniambia walipomkalisha yeye kwenye kigoda cha Taata awe musika, mrithi wake, amevaa kanzu ya Taata, ukoo wote umeketi kwenye nyasi, wewe ulinyanyuka ukaenda ndani, ukatoka na santuri, ukaitia kwenye moto uliokuwa unapikia matoke ya wageni. Moshi ulikuwa mweusi, watu wakahama upande. Halafu ukasema mbele ya wote: "Na mimi nikifa msinizike hapa. Nipelekeni Buhembe kwenye kibanja cha kaka zangu. Huyu alikuwa na mwenzake." Mke wa Mhaya kukataa kulala kwenye kibanja cha mumewe, kwenye migomba ya ukoo, Mama! Deo anasema wazee waliinamisha vichwa kama wametukanwa. Mpaka leo hajui awaambie nini. Kila akikuona umeshika ukuta kwa presha anajiuliza atachimba wapi. Na kila wiki ananiuliza mimi, kitinda mimba wako, kwa kuwa anasema mimi ndiye unayemsikiliza. Nilimjibu, "Mama apelekwe anakotaka." Nilimjibu bila kufikiri, kama ninavyokunja shuka.

Sasa sikiliza. Ninayekunja naye mashuka anaitwa Maureen, mwanamke wa hapa hapa, umri wake unakaribia wako, amekataa kustaafu kwa sababu nyumbani ana paka tu. Jumamosi iliyopita alinivuta twende gulio la vitu vya zamani, kwenye uwanja wa kuegeshea magari. Watu wanatandika chini vikombe, taa, viatu vya marehemu. Tukafika kwa mzee mmoja mwenye masanduku ya santuri. Maureen akawa anazipekua haraka haraka kama anachagua senene. Na mimi nimesimama tu, mikono mfukoni. Ndipo nikamwona. Kope za kijani, manyoya, mkono kiunoni. Ni yeye, Mama, hakuna la kubishana, hata ile kucha moja nyeusi ya kidole kidogo.

Unajua nilifanya nini? Niliigeuza picha iangalie chini. Nilifanya hivyo kwa ajili yako, kwa heshima yako, katikati ya Waingereza. Halafu nikaigeuza tena.

"Huyu mwanamke ni nani?" nikamuuliza Maureen.

"Mwanamke gani?"

"Huyu hapa."

Maureen alicheka mpaka akashika meza ya yule mzee. "Mpenzi wangu, huyu ni mwanamume! Nilimbandika ukutani nikiwa na miaka kumi na minne. Baba yangu akambandua. Nikambandika tena."

"Amepaka rangi mdomoni."

"Wote walipaka. Ndio ulikuwa mtindo wa wanamuziki wa wakati ule. Hata wavulana wa mtaani kwetu, watoto wa wachimba makaa, ikifika Jumamosi wanaiba wanja wa dada zao."

Nikamuuliza kama mtu huyo alikuwa na mke. Akasema, "Watatu. Kwa zamu."

Sikucheka. Nilisimama pale nikisubiri nishtuke, au nione aibu, au nimkasirikie mtu. Sikupata chochote. Niliinunua, nikaitia kwenye mfuko pamoja na mkate, tukarudi. Na ujue kwamba ningeweza kutafuta kwenye simu miaka yote hii, ingenichukua dakika mbili. Sikutafuta kwa sababu sikuwa na shaka.

Jumapili, yaani leo, nimetoka misani nikaenda kwa Maureen. Ana mashine ya santuri sebuleni, paka analala juu yake. Alinikalisha, akaniletea chai, akaniambia nisizungumze mpaka upande wa kwanza uishe. Kwa hiyo nitakuambia kilichomo, kwa sababu Taata alitaka ukisikie na hakuna aliyewahi kukueleza.

Wimbo wa kwanza unaanza na ngoma peke yake. Hakuna gitaa, hakuna sauti, ni ngoma na watu wanaokanyaga sakafu kwa viatu vizito. Halafu gitaa linaingia, chafu, linakwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Mwimbaji anangoja sana kabla ya kufungua kinywa, mpaka unataka kumsukuma. Anapoanza anaimba chini chini, kama anayemwambia mtu mmoja tu. Kiingereza chake si kigumu ila hakieleweki. Kuna gari, kuna mwezi, kuna mtu aliyesahau viatu. Nilimuuliza Maureen maana yake, akasema hajui, na kwamba katika miaka hii yote hajawahi kuhitaji kujua. Wimbo wa pili una fidla nyingi na watu wanaojibu nyuma, sauti zao zinapendeza na wenyewe wanajua. Mimi si mtu wa muziki lakini nilielewa kuwa ni kitu kilichotengenezwa kwa uangalifu. Kelele zile unaweza kudhani ni za walevi, kumbe hakuna pigo lililowekwa ovyo. Taata asingepoteza Jumapili zake kwa kitu cha ovyo. Mtu aliyekataa gunia zima la kahawa kwa ajili ya kijiko kimoja!

Wimbo wa nne ndio ule uliousikia mlangoni kwa Ta Sospeter. Ni kinanda kikubwa na sauti nyembamba ya juu, juu kabisa, mpaka inakaribia kukatika. Sauti ile ni ya mwimbaji mwenyewe. Ni koo la mwanamume, Mama. Nimemwomba Maureen airudie mara tano, na mara ya tano nilisikia mahali anapovuta pumzi kabla ya kupanda, na pumzi ile ni nzito ya mwanamume.

Lakini nimeruka wimbo wa tatu makusudi. Wimbo wa tatu una makofi mawili na mguu mmoja. Paa-paa, du. Paa-paa, du. Nilikuwa nimeshika kikombe, mkono wangu ukaanza kupiga kwenye goti kabla sijajua unafanya nini. Maureen akaniuliza, "Kumbe unaujua?" Ndiyo, naujua. Taata alikuwa akiupiga akigeuza kahawa kwenye majamvi, makofi mawili, anakanyaga, anasogea hatua. Tulidhani ni wake, tuliuita wimbo wa majamvi. Wewe pia uliuchukua kwake. Ulikuwa ukiuimba bila maneno ukimenya ndizi, mimi nikiwa mgongoni, nausikia kupitia mgongo wako kabla ya masikio. Uliwaimbia nao watoto wa Deo. Mwaka juzi Deo alinirekodia sauti yako kwa simu ukimbembeleza mjukuu, na ni wimbo huo huo, kwa mwinuko ule ule wa sauti, hukukosea hata mahali pamoja.

Umempenda mtu huyu miaka karibu hamsini, Mama, bila kujua ni yeye. Na Taata alikuwa anakusikia kila siku. Hakukuambia. Nadhani aliogopa ukijua wimbo umetoka wapi utauacha. Sijui. Ninachojua ni kwamba alikaa pale na majamvi yake, akakuacha uimbe.

Upande wa pili ni mfupi zaidi na unapoa. Kabla ya wimbo wa mwisho mtu mmoja studioni anakohoa, mwingine anacheka, na hawakuyafuta. Nilipenda hapo kuliko pengine pote. Kisha unakuja wimbo mrefu, taratibu, vyombo vinaondoka kimoja kimoja mpaka anabaki mwimbaji na gitaa moja. Santuri yote ni dakika arobaini. Taata aliendesha baiskeli mpaka Muleba na kurudi kwa ajili ya dakika arobaini. Nilisikiliza zote na nikaelewa kwa nini, ila nilielewa kwa kichwa tu, kama unavyojua chakula kina chumvi hata ukiwa na mafua. Maureen alinitazama akadhani nitalia. Akaniletea hata kitambaa. Nikamrudishia kikiwa kikavu.

Kuna jambo moja langu, nalisema hapa halafu basi. Mara ya mwisho nilipozungumza na Taata vizuri kwenye simu, kabla hajazidiwa, aliniuliza, "Huko uliko, hawauzi santuri za zamani?" Nikamjibu, "Baba, achana na mambo hayo, umemuumiza Mama vya kutosha." Akaniuliza kama kuna baridi. Nikamwambia ipo. Basi. Alikuwa anataka mtoto wake mmoja aisikilize santuri ile akamwambie mke wake, na mimi nilikuwa hatua chache kutoka kwenye jibu, nikamfungia mlango. Nakuambia si kwa kujipiga kifua kama tunavyoungama misani, maana hata majuto nayaona kwa mbali. Nakuambia ili ujue hukukosea peke yako.

Santuri uliyochoma usiililie. Ulichoma karatasi na plastiki. Hii yangu simpi Sista, nimefikiria sura yake akifungua begi forodhani. Nimekutumia memori kadi ndogo, imo ndani ya bahasha, Deo aichomeke kwenye redio yako. Nyimbo tisa, zimepangwa kama zilivyo. Usipotaka kusikiliza usisikilize, sitakuuliza.

Nisalimie kaka Deo na mwambie asikuulize barua inasema nini. Nisalimie mkewe, Mama Kemilembe, na huyo Kemilembe asiyetaka kulala bila kuimbiwa. Mjomba Theonest wa Buhembe mwambie zile picha za mahari ya binti yake niliziona, amenenepa. Wasalimie wanajumuiya wenzako, hasa jirani yetu Ma Paskazia, nasikia mguu wake umepona na sasa anatembea kwa watu kuliko zamani. Padre umpe shikamoo yangu ukienda kukomunika. Taata naye, ukipita kaburini kwake kwenda kukata jani la kufunikia ndizi, simama kidogo tu. Huna haja ya kusema neno.

Sasa lile la Buhembe. Nimemwandikia Deo kwamba jibu langu la kwanza nimelifuta, na kwamba la pili sina. Hilo ni lako. Ukitaka kulala kwa kaka zako kwa sababu ndiko ulikozaliwa, kwa sababu udongo wa kule unaupenda, tutakupeleka Buhembe, na mwanaukoo atakayenung'unika atanung'unika na mimi. Ukitaka kubaki Buganguzi, usimweleze mtu sababu. Waambie umebadili mawazo. Mwanamke wa umri wako haulizwi. Lakini usiende Buhembe kumkimbia mwanamke, Mama. Hakukuwa na mwanamke.

Ni mimi mwanao wa mwisho,
Adventina